TAHADHARI: Muuza "sanamu za Kigiriki" anayezunguka kwenye magrupu yetu

Ndugu zangu mlioko Ulaya, hasa mnaopenda vitu vya kale, kuna mtu anatangaza sanamu ndogo za udongo wa kuchoma: mwanamke aliyesimama, vazi refu, kakumbatia kitoto cha nguruwe kifuani. Anadai ni za karne ya 5 KK kutoka Sicily, kisiwa cha Italia, sadaka za Demeter, mungu wa kike wa mavuno wa Wagiriki. Anataka arbuni ya nusu bei siku hiyohiyo, eti kuna mteja mwingine anasubiri. Msimtumie hata senti.

Anawanasa watu kwa sababu historia anayosimulia ni ya kweli. Wagiriki wa Sicily walimtolea Demeter sanamu za namna hiyo, na pale Bitalemi, mahali pa ibada yake katika mji wa Gela, zimefukuliwa nyingi. Zilifinyangwa kwa kalibu, kwa hiyo kufanana siyo kosa.

Nilimwomba picha za mgongoni na chini. Mgongoni kuna tundu la kupitishia hewa wakati wa kuchoma, sawa. Lakini vumbi la kahawia limejaa kwenye mikunjo yote ya vazi kwa unene uleule, huku ndani ya tundu udongo ni msafi kama umetoka tanurini jana; yaani vumbi limepakwa makusudi. Rangi nazo: mafundi wa kale walipaka baada ya kuchoma, ndiyo maana hubanduka na kubaki mabaki tu. Yake nyekundu imezunguka pindo zima bila kukatika.

Kisha cheti. Anaonyesha karatasi ya kipimo cha themoluminesensi, kinachokadiria muda uliopita tangu udongo uchomwe mara ya mwisho. Kipimo hicho hakifanyiki bila kutoboa kidogo na kuchukua unga. Sanamu yake haina alama yoyote ya kutobolewa! Nilipomuuliza, akasema iliyopimwa ni pacha wake. Nikauliza pacha yuko wapi, akaniblok. Na hata cheti halali kinahusu pale palipotobolewa tu; matapeli hubandika kiwiliwili kipya juu ya kitako cha kale.

Tuseme basi ni ya kweli. Italia, tangu sheria ya mwaka 1909, vitu vya kale vinavyofukuliwa ardhini ni mali ya serikali. Jumba la makumbusho la Getty, Marekani, lilirudisha Sicily mwaka 2016 kichwa cha udongo cha mungu Hades kilichoporwa Morgantina, mji wa kale wa Sicily, baada ya kubainika kuwa vipande vya nywele za bluu vilivyobaki kule ni vyake. Taasisi yenye mawakili ilinyoosha mikono. Wewe mwenye risiti ya WhatsApp utajitetea kwa lipi?

Jamaa anabadilisha jina na namba, ila picha ni zilezile: kitambaa cha kijani mezani, rula ya mbao pembeni. Ukiziona, mjulishe admini kabla hujajibu chochote. Aliyekwisha kutuma pesa awahi benki yake leo kuomba muamala uzuiwe, na apige picha meseji zote kabla hazijafutwa.