Windows, HiveOS au RaveOS: mfumo upi uweke kwenye mtambo wako wa kuchimba kripto?

Swali la kwanza la kila mnunuzi ni: upi una kasi zaidi? Chukua kadi ileile ya picha (GPU, ndiyo inayofanya hesabu za uchimbaji), programu ileile ya kuchimba na mipangilio ileile, kisha linganisha Windows na Linux. Tofauti ni ndogo mno. RTX 3060 Ti iliyopangwa vizuri ilitoa takriban megaheshi 60 (majaribio ya hesabu milioni 60) kwa sekunde kwenye Ethash, kanuni ya uchimbaji iliyotumiwa na Ethereum, kwenye mifumo yote miwili. Kinachokula mapato ni mtambo kusimama saa nane usiku wewe ukiwa umelala, kwa hiyo mimi napanga mifumo hii kwa uwezo wake wa kuendelea kufanya kazi.

Namba moja ni HiveOS. Ni Linux iliyoandaliwa kwa uchimbaji tu: unaiandika kwenye diski, unawasha, na kila kitu unakiendesha kwa simu. Thamani yake ni mlinzi wake wa ndani, yaani programu inayofuatilia kasi ya kadi. Usiku mmoja kadi yangu ya sita ilishuka hadi sifuri kwa sababu waya wa raiza, kiunganishi cha kadi na ubao mama, ulikuwa umelegea. Mlinzi aliona kasi imeshuka chini ya kiwango nilichoweka, akauwasha mtambo upya, na zile tano nyingine zikarudi kazini. Asubuhi nilikuta ujumbe kwenye simu, nikajua kadi ipi ya kukagua. Kwa mwenye kadi nyingi, ada ya mwezi inalipika.

RaveOS inafuata kwa karibu. Kazi ni ileile, na ukishazoea mmoja, wa pili haukusumbui.

Windows naiweka ya tatu, lakini kwa mwenye kadi moja au mbili kwenye kompyuta anayoitumia kila siku, ndiyo ya kwanza: tayari unayo. Kwa programu ya MSI Afterburner unashusha volti hatua kwa hatua. Mwenye RTX 3080 au 3090 ana sababu nyingine: programu ya HWiNFO inamwonyesha joto la GDDR6X, aina ya memori ya kadi hizo, ambayo ikifika nyuzi 110 kadi hujipunguzia kasi. Draiva ya Nvidia ya Linux haionyeshi joto hilo kwenye kadi hizo. Ukiongeza kadi, panua memori pepe (sehemu ya diski inayotumiwa kama memori) ilingane na jumla ya memori za kadi zote, na uzuie masasisho yasiwashe mashine upya yenyewe.

Kadi zenye memori ya GB 4 zinafaa zaidi kwenye Linux. Windows hujitengea sehemu ya memori ya kadi, ndiyo maana mwaka 2020, mahitaji ya memori ya Ethereum yalipokua, kadi hizo zilishindwa kuchimba Ethereum kwenye Windows mapema kuliko kwenye Linux.

Tangu Ethereum iache uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, faida ya kadi imekuwa nyembamba. Piga hesabu ya umeme kabla ya kulipia mfumo wowote. Na ukichagua HiveOS au RaveOS, nunua diski ndogo ya SSD, uachane na flashi: flashi huchakaa upesi kwa kuandikwa mchana na usiku.