Diraivu ya kununua kabla DVD za harusi hazijafa

Nyumba nyingi hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, zina bahasha ya DVD za harusi, sendofu na kipaimara, na deki ya kuzichezea imeshakufa. Laptopu za siku hizi nazo haziji na pa kuingizia diski. Cha kununua ni diraivu, yaani kifaa cha kusomea diski kwenye kompyuta, na nakuomba usikawie. DVD zilizochomwa studio zimeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, mambo yasiyokosekana huku ziwani.

Ya kwanza: diraivu ya nje ya USB, ya DVD ya kawaida. Unaichomeka, kompyuta inaitambua, kazi inaanza. Muuzaji atakusisitizia USB 3.0 kwa ajili ya kasi. Kasi hiyo huihitaji, maana DVD ikisomwa kwa kasi ya 8x, mara nane ya ile ya msingi, inatoa kama megabaiti 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inabeba zaidi ya hapo. Jali umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu, na mota ikianza kuzungusha diski inaweza kutaka zaidi. Ndipo unaisikia inagonga, inanyamaza, inaanza upya. Tafuta yenye waya wa vichwa viwili vya USB, ivute umeme kwenye matundu mawili.

Ya pili: diraivu ya ndani, inayofungwa kwenye kompyuta kwa waya wa SATA, hata iliyotumika. Hii ni kwa mwenye desktopu peke yake, na kwake naipandisha iwe ya kwanza. Inapata umeme wa kutosha, na fundi yeyote wa kompyuta anaifunga.

Ya mwisho: laptopu kuukuu yenye diraivu yake. Lenzi mara nyingi imechoka, na pesa yote hiyo ni ya kazi moja.

Ya Blu-ray iache. DVD haitapendeza zaidi humo.

Dukani nenda na laptopu pamoja na DVD yako iliyochubuka kuliko zote. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Fungua folda ya VIDEO_TS, kisha nakili faili la VOB la mwisho (VOB ndiyo yenye video yenyewe). DVD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, na ukingoni ndiko vidole na vumbi hufika kwanza. Diraivu ikimaliza faili hilo, patana bei. Ikikwama, omba nyingine. Sanduku zuri lisikudanganye.

Programu ya kubadili video usinunue. HandBrake ni ya bure. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe. Nakili kwanza folda nzima kwenye kompyuta, ndipo ubadili kuwa MP4, ili diski dhaifu isomwe mara moja tu. Ndani ya HandBrake chagua mpangilio wa "Fast 576p25", kwa sababu DVD zetu nyingi ni za mfumo wa video wa PAL, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Ukilazimisha 1080p unaongeza uzito wa faili, sura ya bibi harusi inabaki ileile. Nazungumzia diski zako mwenyewe. Filamu za dukani zina kufuli na haki miliki za wenyewe.

Flashi ya kuhifadhia ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 itakataa faili lolote linalozidi gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele. Ifomati kwa mfumo wa exFAT ikiwa bado tupu, na nakala ya pili mpe ndugu anayekaa nyumba nyingine.