Famasi ya Tabata iliyotuokoa kwenye bei ya sindano za mama

Nimekaa na hili siku kadhaa nikasema hapana, lazima niandike. Ni kuhusu famasi moja ya huku kwetu Tabata, ndogo tu, mlango mmoja, imebanwa katikati ya duka la vifaa vya umeme na dada anayekaanga chipsi. Jina siliweki kwa sababu mfamasia mwenyewe aliniomba nisilitaje, anasema hataki watu waanze kuja wakidhani pale sindano zinatoka bila cheti cha daktari. Namheshimu kwa hilo. Ila huduma waliyompa mama yangu lazima niiseme, na naisema na bei zake, kwa ajili ya yeyote ambaye sa hivi ameshika karatasi yenye sindano za antibayotiki na hajui hela ataitoa wapi.

Mama ana miaka 67. Ilianza kama utani, kiuno kinauma, mkojo unachoma, afu usiku wa Jumatano akaanza kutetemeka meno yanagongana, homa 39 na kitu. Saa 7 usiku unampeleka wapi, nikampeleka hospitali ya kwanza niliyoikuta iko wazi, ya binafsi. Wakasema maambukizi ya mkojo yamepanda mpaka kwenye figo, alazwe, aanze antibayotiki inaitwa seftriaksoni, gramu 1 kwa siku kwenye mshipa. Sikatai, walimpokea vizuri. Lakini baada ya siku 2 naletewa bili: kumuona daktari elfu 20, kitanda elfu 60 kwa usiku, vipimo elfu 45, dripu na kanula (ule mpira mdogo wa kwenye mshipa) na vikorokoro vingine elfu 35, na ile sindano yenyewe elfu 35 kwa kichupa kimoja. Jumla laki 2 na 90. Mi ni fundi cherehani, bima sina, na hiyo ilikuwa siku ya pili tu kati ya 7 walizoniambia.

Nikaomba ruhusa tumalizie nyumbani, maana homa ilikuwa imeshuka na mama anakula. Daktari akakubali, akaandika dozi iliyobaki achomwe zahanati mara moja kwa siku. Hapo ndipo nilipoingia kwenye hii famasi kwa mara ya kwanza, nimeshika cheti mkononi na moyo uko juu, nimeshapiga hesabu kichwani 35 mara 5.

Mfamasia, dada mmoja mpole, akasoma akaniuliza, "Kaka, daktari amesisitiza hili jina au unataka dawa yenyewe tu?" Sikumuelewa. Akanitolea vichupa viwili vya seftriaksoni gramu 1 akaviweka juu ya meza, kimoja cha bei kama ile ya hospitali, kingine elfu 4. Elfu 4 jamani! Akanieleza taratibu kabisa, wala hakunifanya nijione sijui kitu, kwamba hii dawa Roche wa Uswisi ndio walioileta sokoni miaka ya 80 kwa jina la Rocephin na haki yao ya kuitengeneza peke yao ilishaisha zamani, sa hivi viwanda vingi tu vinaitengeneza hasa India na China, kila kimoja na jina lake, ndo maana huku mtaani watu wanaita zote Powercef hata kama kichupa kimeandikwa kitu kingine kabisa. Dawa iliyomo ndani ni ileile. Akanionyesha cha kuangalia: imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa, tarehe ya kuisha haijapita, kifuniko hakijaguswa, unga uko mkavu haujagandamana.

Kwa sababu mama alishatolewa kanula na sasa anachomwa kwenye nyama, akanipa na dawa ya ganzi ya kuchanganyia, lignokaini, maana bila hiyo ile sindano inauma vibaya sana. Akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kikaratasi "YA KWENYE NYAMA TU", akaniambia nimkabidhi nesi mkononi, kwamba iliyochanganywa na ganzi haiingizwi kwenye mshipa kabisa. Tena akaniuliza kama kuna sehemu nyingine mama anawekewa dripu, kwa sababu kuna dripu zenye kalsiamu kama ringa ambazo hazitakiwi kukutana na hii dawa kwenye mpira mmoja. Nani mwingine amewahi kukuuliza hayo dukani?

Kosa nililofanya ni langu, yeye alinionya. Alisema nunua ya siku 2 kwanza, ukimaliza njoo tena, dokta anaweza kubadilisha. Mimi kwa ile furaha ya elfu 4 nikabeba vyote 5 nimalize kazi.

Zahanati wanachoma kwa elfu 3, bomba la sindano unakuja nalo la mia 5. Nesi wa pale ni mtu mzima mwenye mkono mwepesi, kila siku anamuamkia mama shikamoo kabla hajagusa chochote na mama alikuwa anamsubiri kama mgeni. Siku ya kwanza niliona dawa ikichanganywa inakuwa ya njano nikashtuka nikidhani ile ya bei rahisi imeharibika, nesi akaniambia seftriaksoni ndivyo ilivyo, ya ghali na ya rahisi zote zinakuwa na unjano.

Tatizo likawa homa. Mchana yuko sawa, usiku inapanda. Siku ya 5 toka aanze dawa nikampeleka hospitali ya serikali, kule ana msamaha wa wazee kwa hiyo kumuona daktari ni bure, nashukuru. Daktari akauliza swali moja tu, mkojo uliooteshwa majibu yake yako wapi? Haukuwahi kuoteshwa. Yaani mtu amekula antibayotiki siku 5 na hakuna aliyechukua mkojo akaupeleka maabara kuona ni bakteria gani na anakufa kwa dawa gani. Kile kipimo siku hiyo pale hakikuwepo tukatumwa maabara ya nje, elfu 30, na majibu ni siku 3 kwa sababu lazima wadudu waote kwanza ndo wajaribiwe na dawa moja moja. Tukaambiwa tuendelee na ileile wakati tunasubiri, akizidiwa nimrudishe hata usiku wa manane.

Siku ya 7, baada ya vichupa vyote vya seftriaksoni kuisha, majibu yakatoka. E. koli, bakteria wa tumboni wa kawaida tu, lakini sugu kwa seftriaksoni. Sindano zote 7 zilikuwa zinapigana na mtu asiyezisikia. Nilikaa kwenye benchi nikakumbuka mwaka jana mama alipata kikohozi, tukampeleka mahali akachomwa 2 za hizihizi, siku ya pili akajisikia nafuu hatukurudi. Siwezi kusema ndio hiyo iliyosababisha, ila mfamasia aliniambia wazi kwamba usugu unakua hivyo, mtu homa kidogo sindano, mafua sindano, dozi nusu nusu.

Afu ikaja karatasi mpya. Antibayotiki nyingine, meropenemu, gramu 1 kila baada ya masaa 8 kwa siku 7. Mara 3 kwa siku mara 7 ni vichupa 21, na hospitalini imeisha, nikanunue nje. Nilizunguka famasi 3, bei ya chini niliyopata elfu 38 kimoja. Laki 7 na 98 elfu. Na hiyo ni dawa peke yake, maana meropenemu inaingia kwenye mshipa na dozi nyingine inaangukia usiku kwa hiyo lazima alazwe, sijahesabu mipira na mabomba wala mtu wa kukaa naye wakati cherehani limelala. Nilishampigia kaka yangu Morogoro tuongee habari ya kile kipande cha shamba.

Nikarudi Tabata kumuuliza yule dada kama anaweza kunipunguzia hata elfu 2 kwa kichupa. Hakujibu habari ya bei. Akasema, "Nipe karatasi ya majibu ya maabara, siyo ya dawa." Akaisoma mstari kwa mstari na kidole, akasimama kwenye antibayotiki moja, amikasini. Imeandikwa inamuua huyo bakteria. Akaniuliza uzito wa mama, kama ana shida ya figo ya zamani, kama anasikia vizuri, kama ana kizunguzungu, kuna dawa gani nyingine anakunywa. Afu akachukua simu akampigia daktari aliyeandika, namba ilikuwa kwenye cheti, mbele yangu, kwa heshima kabisa, "Shikamoo dokta, nina mgonjwa wako hapa, naomba tushauriane." Waliongea kama dakika 5. Daktari akakubali mama apewe amikasini badala ya meropenemu, kwa masharti: kipimo cha kreatinini kwanza, cha damu cha kuangalia figo, kikiwa kizuri ndo aanze, kirudiwe katikati ya dozi, na nikaandikiwe upya.

Amikasini ni dawa ya zamani, inachomwa mara 1 kwa siku, na inaweza kuchomwa kwenye nyama, kwa hiyo hakuna kulazwa, ni kwenda zahanati na kurudi. Pale ukutani ana karatasi ya WHO, Shirika la Afya Duniani, yenye rangi za taa za barabarani, wamegawa antibayotiki makundi 3 tangu 2017, kijani za kuanza nazo, njano za kutumia kwa uangalifu, nyekundu za mwisho kabisa. Amikasini iko kijani. Seftriaksoni na meropenemu zote ziko njano. Mimi siku zote nilijua dawa yenye bei kubwa ndiyo yenye nguvu, nilisimama pale nikiangalia ile karatasi muda mrefu.

Ubaya wake alinieleza bila kunificha, inaweza kuumiza figo na masikio hasa kwa mtu mzima, ndiyo maana ya vile vipimo. Kila asubuhi nimuulize mama kama anasikia mlio masikioni au akisimama dunia inazunguka, akisema ndiyo asichomwe siku hiyo mpaka aonwe na daktari. Na anywe maji.

Mama ana kilo 50, dozi ikatoka miligramu 750. Mahali pengine wangekuuzia vichupa viwili vya 500, ukichoma kimoja na nusu, ile nusu inayobaki inamwagwa. Huyu akatafuta kwenye kabati akanipa cha 500 elfu 5 na cha 250 elfu 3 na mia 5, ikatimia bila kumwaga kitu. Elfu 8 na mia 5 kwa siku. Safari hii nikanunua ya siku 2 kama nilivyoambiwa, afu 2 tena, afu 3 za mwisho.

Hesabu yote ya siku 7 naiweka hapa kwa anayeihitaji: dawa 59,500, kuchoma 21,000, mabomba 3,500, kreatinini mara 2 kwa elfu 10 ni 20,000. Laki 1 na elfu 4. Ile elfu 30 ya kuotesha mkojo iko pembeni na ningeilipa hata mara 3, maana bila ile karatasi hakuna ambaye angejua kama amikasini inafaa, tungeenda kwenye meropenemu kwa kubahatisha au tungeendelea kuchoma isiyofanya kazi. Sisemi amikasini ni ya kila mtu, kuna mgonjwa figo zake hazitaruhusu na kuna wa meropenemu tu, huyo atafutiwe hela kwa njia yoyote ile. Nasema uliza. Muulize daktari kama mkojo au damu imechukuliwa kuoteshwa kabla ya sindano ya kwanza, muulize kama kuna ya jina lingine, muulize kama lazima alazwe au anaweza kwenda na kurudi. Hakuna hata mmoja aliyenikasirikia nilipouliza.

Kasoro za famasi zipo pia. Wanafunga saa 2 usiku kamili, nilifika saa 2 na dakika 10 siku moja nikakuta kufuli. Jumapili wanafungua baada ya saa 6 mchana. Hawakopeshi, hata ukilia, na dawa ukishatoka nayo hairudishwi, hilo la pili nimekuja kulielewa kwa sababu hata mimi nisingependa mama achomwe kichupa kilicholala kwenye joto la nyumba ya mtu. Hawachomi sindano pale, lazima uende zahanati. Na hivi vichupa vya 250 vinaisha haraka, siku ya 5 vilikuwa vimebaki viwili tu ikabidi niweke oda, kwa hiyo piga simu kwanza kabla hujapanda bajaji.

Nimewapa nyota 5. Homa ya mama ilikata siku ya 3 ya amikasini, kreatinini ya pili ikatoka nzuri, masikio yanasikia mpaka wajukuu wakinong'ona chumba cha pili. Jumamosi alienda mwenyewe kwa miguu mpaka pale famasi na kifungashio cha vitumbua, yule dada alikuwa na wateja, akamsubiri kwenye kiti mpaka wakaisha.