Ufadhili wa uzamili kwa walimu wanaotaka kuongoza maktaba za shule Marekani: unacholipiwa na usicholipiwa

Tuanze na hukumu. Kwa mwalimu wa Marekani aliyekwisha kufundisha miaka michache, ufadhili wa aina hii ni mzuri sana upande wa ada, wa wastani kwenye masomo yenyewe, na mbovu kwenye mazoezi ya vitendo. Ubovu huo karibu hauonekani kwenye tangazo, kwa sababu tangazo huandikwa na watu wa chuo, na mazoezi hufanyika shuleni.

Fedha nyingi za programu hizi hutoka IMLS, taasisi ya serikali kuu inayoshughulikia makumbusho na maktaba, kupitia mfuko ulioanza 2003 kwa jina la Laura Bush, mke wa George W. Bush aliyekuwa Rais wakati huo. Jina hilo halikuja kwa cheo cha mumewe tu: alikuwa mwalimu na mkutubi wa shule Texas, na uzamili wake wa ukutubi aliupata University of Texas at Austin mwaka 1973. La kushika hapa ni kwamba ruzuku hupewa chuo, si mwalimu. Chuo ndicho huchagua kundi dogo la walimu, huwasomesha pamoja, na ruzuku ikiisha huenda kundi la pili lisiwepo. Kwa hiyo usiahirishe mwaka mmoja ukitumaini mlango utakuwa wazi bado. Vilevile uliza kwa maandishi: ruzuku ikikatwa katikati, nani atalipa mihula iliyobaki? Swali hili si la woga. Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuipunguza IMLS, na mwezi uliofuata ruzuku nyingi zilisitishwa huku kazi ikiendelea, kisha mambo yakahamia mahakamani.

Sasa ada. Uzamili wa ukutubi huwa na krediti 36 hivi, yaani kozi 12 za krediti tatu. Mwalimu anayefanya kazi muda wote huweza kozi mbili kwa muhula, na akisoma kiangazi pia, anamaliza kwa miaka miwili. Hapo kwenye kiangazi ndipo wengi hunaswa: ufadhili fulani hulipa muhula wa vuli na wa masika pekee, kisha ratiba ya chuo inakulazimisha kusoma kiangazi kwa fedha yako. Angalia pia kama ada ya mtihani wa leseni imo, na kozi iliyorudiwa inalipwa na nani (kwa kawaida ni wewe). Kuhusu kodi, sheria ya Marekani haitozi kodi fedha iliyotumika kwa ada, michango ya lazima na vitabu vilivyoagizwa na kozi, mradi unasomea shahada. Posho ya kujikimu, nauli na malazi hutozwa. Mara nyingi chuo hakikati kodi hiyo juu kwa juu, kwa hiyo tenga sehemu ya posho mapema.

Hati ya ahadi isome hadi mstari wa mwisho. Tofautisha ufadhili unaosema tu "tunatarajia utafanya kazi katika maktaba ya shule" na ule wenye sharti la kurudisha fedha. Mfano wa sharti kali ni TEACH Grant, msaada mwingine wa serikali kuu ambao vyuo vingine huuchanganya kwenye kifurushi: hutoa hadi dola 4,000 kwa mwaka, na kwa uzamili jumla isizidi dola 8,000. Ukishindwa kufundisha miaka minne ndani ya minane, katika somo lenye upungufu wa walimu na shule ya watoto wa kipato cha chini, fedha yote hugeuka mkopo, na riba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ulipoipokea. Si kila jimbo huweka ukutubi kwenye orodha ya upungufu. Ukisaini bila kuangalia, umejifunga.

Leseni hutolewa na jimbo, si chuo. Texas hudai uzamili, miaka miwili ya kufundisha darasani, programu iliyoidhinishwa na mtihani wa jimbo. California hudai uwe na leseni ya ualimu kwanza, ndipo upewe ya mwalimu mkutubi. Ukisoma kwa mtandao katika chuo cha jimbo jingine, programu yao imeidhinishwa kwao, huenda si kwenu. Waandikie ofisi ya leseni ya jimbo lako kabla ya kutuma maombi. Tazama pia kama shahada ina ithibati ya ALA, chama cha wakutubi. Shule nyingi hazijali, lakini siku utakapotaka kuhamia maktaba ya umma au ya chuo, ithibati hiyo ndiyo huulizwa kwanza.

Tuje kwenye mazoezi. Texas huweka saa zisizopungua 160. Programu dhaifu humwambia mwalimu atumie kipindi chake cha maandalizi. Piga hesabu: dakika 45 kwa siku ni siku 213, na mwaka wa shule katika majimbo mengi una siku 180 hivi. Haiwezekani, na anayejaribu huishia kujaza daftari la saa kwa kazi za kupanga vitabu jioni, wakati hakuna mwanafunzi hata mmoja maktabani. Programu nzuri ina fungu la kumlipa mwalimu wa kushika darasa lako, na barua ya mkuu wa shule inayotaja siku utakazoachiwa. Barua ya mkuu inayosema tu kwamba wewe ni mchapakazi haina kazi hapa.

Na huo "uongozi" ulio kwenye jina la ufadhili? Omba muhtasari wa kozi. Viwango vya AASL, chama cha wakutubi wa shule, vya 2017 vina misingi sita, na kuna programu zinazoridhika na insha juu ya kila msingi. Tunazozipa alama za juu hudai kazi kama hii: toa kwenye katalogi orodha ya vitabu vya namba 610 (afya na tiba, kwa mpangilio wa Dewey), andika idadi, wastani wa mwaka wa kuchapwa, vilivyoazimwa mwaka uliopita, na gharama ya kubadilisha vilivyopitwa, yote yaenee ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule. Mwongozo wa CREW wa kuchuja vitabu vya maktaba, uliotoka Texas 1976, unashauri vitabu vya 610 vipimwe vikifika miaka mitano tangu kuchapwa au miaka mitatu bila kuazimwa. Vya kompyuta, 004, mitatu tu tangu kuchapwa. Mkuu akiona wastani wa 1998 kwenye rafu ya afya, mazungumzo ya bajeti hubadilika. Kosa la kawaida ni kuondoa vitabu kabla mkuu hajapewa taarifa: mzazi anaona maboksi jalalani, na wiki nzima inaishia kwenye kujieleza. Kosa la pili ni kusahau kufuta rekodi, wanafunzi wakatafuta vitabu visivyokuwepo.

Jambo ambalo programu nyingi hulipita mbio ni ratiba. Katika shule nyingi za msingi mkutubi hupangiwa madarasa ya kila wiki ili walimu wengine wapate kipindi cha maandalizi. Hapo hana saa hata moja ya kupanga somo pamoja na mwalimu wa sayansi, hata awe na shahada gani. Kuiomba ratiba inayonyumbulika ni kazi ya majadiliano: ujue kipindi kipi kinagusa maandalizi ya nani, na upeleke pendekezo la kuanza na darasa moja la ngazi ya juu kwa muhula mmoja. Muhtasari usiotaja neno ratiba popote, sisi tungeuwekea alama ya swali.

Kwenye insha ya maombi, kupenda vitabu hakumtofautishi mtu. Taja tatizo moja la shule yako kwa namba, na utakachofanya.

Ukikosa nafasi, kuna Spectrum, ufadhili wa ALA, iliyoanzishwa 1997 kwa wanafunzi wa jamii zisizo na uwakilishi wa kutosha katika ukutubi; hutoa dola 5,000. Hailipi shahada nzima, lakini huombwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa hiyo si lazima chuo chako kiwe na ruzuku.