Seti ya Promega ya kupima kizuizi cha PD-1: kwa maabara za Kampala na Entebbe

Seti hii ya kampuni ya Promega hupima kama kingamwili inaizuia PD-1, kipokezi ambacho ni breki ya seli T, askari wa kinga ya mwili. Kwenye seti hii mwanga ni habari ya breki iliyoachia. Kisima, yaani tundu dogo la sahani ya maabara, kikififia, PD-1 inafanya kazi yake. Kisima kikiwaka, kuna kitu kimeizuia. Anayesahau hilo husoma sahani nzima kichwa chini miguu juu, na hutokea hata kwa wazoefu.

Ndani ya boksi mna seli za aina mbili zilizogandishwa, kila kichupa cha kutumia mara moja. Aina ya kwanza ni Jurkat, seli T za binadamu zilizowekewa PD-1 na jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, inayoamshwa na NFAT, protini inayowasha jeni seli T ikichochewa. Ya pili ni CHO-K1, seli za ovari ya hamsta wa China, zilizovishwa PD-L1 ya binadamu, protini inayoikanyaga breki ya PD-1, pamoja na protini ya kubuni inayoamsha kipokezi cha seli T bila kuhitaji antijeni. Zikigusana, amri mbili zinagombana: ya kuwasha na ya kuzima. Kingamwili ikiingia kati ya PD-1 na PD-L1, ya kuzima inakatika, NFAT inaamka, lusiferasi inatengenezwa.

Kazi ni ya siku mbili. Siku ya kwanza, CHO-K1 huyeyushwa kwenye maji ya kukuzia seli aina ya Ham's F-12 yenye asilimia 10 ya seramu ya ndama na kumiminwa maikrolita 100 kwa kila kisima cha sahani nyeupe ya visima 96, kisha zinalala nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 20. Kesho yake unatoa maikrolita 95, unaweka 40 za kingamwili iliyopunguzwa kwa hatua, halafu 40 za Jurkat, zote zikiwa kwenye RPMI 1640, maji mengine ya kukuzia seli, yenye asilimia 1 tu ya seramu. Baada ya saa 6 sahani inatoka ipoe hadi joto la chumba, unaongeza maikrolita 80 za Bio-Glo, kimiminika kinachoifanya lusiferasi iwake, unasubiri dakika 5 hadi 10, unasoma.

Yanayoharibika hapo ni madogo madogo. Ncha ya pipeti ikigusa sakafu ya kisima wakati wa kutoa yale maikrolita 95, CHO-K1 zinang'oka, na kisima hicho kitafifia bila kosa la kingamwili. Inamisha sahani, nyonya pembeni. Visima vya ukingoni hukauka usiku, kwa hiyo vijazwe kimiminika kitupu na visihesabiwe. Bio-Glo iliyotoka kwenye baridi bila kungojwa hutoa mwanga hafifu, kwa kuwa lusiferasi ni kimeng'enya na kasi yake hufuata joto. Na sahani isomwe yote kwa mkupuo mmoja: umeme ukikatika katikati ya kusoma, nusu ya kwanza na nusu ya pili hazilinganishiki tena. Kisomaji bila betri ya akiba ni kubahatisha.

Kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haiwezi kukuambia, nalo ni mwinuko. Kampala na Entebbe ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani. Asilimia 5 ya kaboni dioksidi inayowekwa kwenye inkubeta hapa ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya Mombasa, na maji ya kukuzia seli yanaelekea ualikali. Kwa hesabu tu, asilimia 5.7 au 5.8 ndiyo inayolingana. Lakini inkubeta nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine hazifanyi hivyo, kwa hiyo pima pH ya maji yenyewe baada ya usiku mmoja kabla ya kugusa kitufe chochote.

Uhifadhi ndio unaoamua kama seti inakufaa. Seli zinataka nyuzi 140 chini ya sifuri au baridi zaidi, yaani mvuke wa nitrojeni. Barafu kavu inayozisafirisha ni nyuzi 78 chini ya sifuri: inafaa kwa safari, si kwa makazi, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haina nafuu kubwa kuliko hiyo. Maabara isiyo na tangi linalojazwa kwa ratiba isiagize. Wenye tangi waombe mzigo utue Entebbe mwanzoni mwa wiki, vibali vikiwa tayari mkononi mwa wakala wa forodha, na makubaliano ya nani anaongeza barafu kavu yawe yameandikwa.

Sasa upande ambao wengi wanaipa seti sifa isiyo yake: kwamba inaonyesha jinsi PD-1 inavyotuma ishara. Mkia wa PD-1 una tairosini (aina ya asidi amino) mbili zenye kazi, ya 223 kwenye kipande kiitwacho ITIM na ya 248 kwenye kiitwacho ITSM. Lck, kinasi yaani kimeng'enya cha kubandika fosfeti, inazibandika fosfeti, na hasa ile ya 248 inamwita SHP-2. Huyu ni fosfatasi, kimeng'enya cha kung'oa fosfeti, anayekaa amejifunga: kipande chake kimoja cha SH2 kimeziba mdomo wa kazi, na hufunguka kinaposhika tairosini yenye fosfeti. Akishafunguka anang'oa fosfeti za jirani. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba CD28, kipokezi kinachoongeza nguvu uchochezi wa seli T, ndicho kinachoumia zaidi, kuliko kipokezi cha seli T chenyewe.

CHO-K1 za seti hii hazikuwekewa protini za CD80 wala CD86 za kuishika CD28. Mlengwa mkuu wa SHP-2, basi, hayumo mchezoni ipasavyo. Isitoshe, Jurkat hazina PTEN wala SHIP-1, vimeng'enya vinavyoituliza njia ya ishara ya PI3K na Akt, kwa hiyo njia hiyo ndani yake inawaka muda wote. Usijaribu kupima kupitia seli hizi namna kipokezi kizuizi kinavyoizima njia hiyo. Unachosoma ni NFAT peke yake, saa 6 baadaye, wakati fosfeti hubandikwa na kung'olewa ndani ya dakika.

Wala haikuambii kama seli T za mgonjwa wa VVU au wa saratani zimechoka. Seli zilizomo ni za kiwandani.

Nyota nne kwa kulinganisha kingamwili, ikiwemo kuchunguza kama dozi iliyokaa kwenye ghala lenye joto bado ina nguvu. Nyota mbili kwa somo la ishara. Anayetaka ishara yenyewe achochee seli kwa dakika 2 hadi 5, azitumbukize kwenye barafu, azipasue kwenye kimiminika chenye ortovanadeti ya sodiamu, dawa ya kuzuia fosfatasi, milimola 1 kwa lita, kisha atafute fosfeti ya tairosini 248 kwa kingamwili maalumu. Ortovanadeti iwe imeamshwa kwanza kwa pH 10 na kuchemshwa hadi iwe maji yasiyo na rangi, na kimiminika kisiwe na kemikali za EDTA wala DTT. Zikiwemo, zitaiondolea ortovanadeti nguvu, na fosfatasi zitaendelea kula ushahidi wako kwenye barafu hiyo hiyo.