Kadi za maneno ya Kiingereza ya sanaa: asili imeelezwa vizuri, matamshi hayamo

Kwa kuwa kazi yangu ni kuwauzia wageni picha za tingatinga jijini Dar es Salaam, nilinunua kwa shilingi 38,000 pakiti ya kadi 60 zinazofundisha maneno ya Kiingereza ambayo huyasikii ila kwa wachoraji na watu wa makumbusho. Upande mmoja una neno na picha, na wa pili una maana na asili ya neno.

Asili hiyo ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha zangu. Kadi ya "easel", yaani kile kiunzi ambacho mchoraji huegemezea kazi yake, inaeleza kwamba neno limetoka kwa Waholanzi, ambao punda humwita "ezel", kwani kiunzi nacho hubeba mzigo. Sisi tunaokalia mbuzi kila tunapokuna nazi hatuhitaji kuelezwa mara mbili. "Pentimento" limetokana na neno la Kiitaliano la kujuta: ni alama ya mchoro wa awali inayojitokeza chini ya rangi, pale mchoraji alipobadili nia, pengine akausogeza mkono au akaifuta kofia. Kwa "impasto", rangi iliyopakwa nene hadi michirizi ya brashi ikabaki, wametumia picha ya alizeti ya mchoraji Vincent van Gogh ya mwaka 1888, na uchapaji ni safi kiasi kwamba matuta ya rangi ya njano yanaonekana moja moja.

Kasoro kubwa ni kukosekana kwa mwongozo wa matamshi, jambo linalomponza msomaji wa Kiswahili aliyezoea kutamka herufi kama zilivyoandikwa. Mbele ya mteja nililisoma "chiaroscuro", ule mpambano wa mwanga na giza katika picha za Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, kwa ch ya chai. Akanirekebisha kwa upole kwamba hutamkwa k. "Gouache", aina ya rangi ya maji iliyo nzito, sikuthubutu kulitaja hadi binti yangu alipolisikiliza kwenye simu na kuniambia, "Baba, ni gu-ashi."

Tena, maneno karibu yote ni ya michoro ya Ulaya. "Enamel", jina la rangi ya kung'aa kama ile ambayo Edward Saidi Tingatinga aliipaka kwenye vipande vya hadibodi, halimo. Anayesomea historia ya sanaa azinunue bila wasiwasi. Mwenye duka kama langu aziazime kwanza.