Opinel, Victorinox, Buck na kisu cha soko la Kenya: uzoefu wangu

Mimi ni fundi umeme hapa Lubumbashi, na mfukoni mwangu hakukosi kisu cha kukunja. Mchana kinachuna waya na kukata kamba za magunia, jioni kinagawa michopo, yaani nyama choma, mtaani Kamalondo, na Jumapili mama watoto anakichukua jikoni kwa sababu visu vyake vyote ni butu. Nimetumia vinne kwa zamu: Opinel namba 8 na Victorinox Spartan nilizoletewa na ndugu aliyeko Ubelgiji, Buck 110 niliyouziwa na fundi mwenzangu wa Kolwezi, na kimoja kisicho na jina, cheusi chenye matundu kwenye mpini, cha soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si nchi ya Kenya.

Wauzaji wetu wanapenda kusifu chuma. "Hii ni chuma ya Ujerumani, papa, haiishi makali." Sawa. Lakini hakuna anayekuambia uangalie bapa, na bapa ndilo linalofanya kazi. Elekeza ncha kwenye jicho lako ulitazame. Kwenye kisu kimoja mteremko ni mmoja ulionyooka tangu mgongoni hadi kwenye makali. Kingine pande zake zimebonyea, kwa sababu kiwandani zilisukumwa kwenye jiwe la duara. Cha tatu kimetuna kidogo pande zote mbili na kuja kukutana kwenye makali bila kona yoyote.

Jaribio langu ni muhogo mbichi, kwa kuwa haufichi kitu. Kile cha Kenya, hata kikiwa kimenolewa mpaka kinanyoa nywele za mkono, kinaingia nusu sentimita halafu muhogo unapasuka kwa kishindo na kipande kinaruka chini ya meza. Mgongo wake ni mnene na mteremko unaanzia katikati ya bapa, kwa hiyo kinachoingia kwenye muhogo ni kabari. Makali kinayo, ila unene wa chuma nyuma ya makali umezidi.

Buck 110 ni kitu kingine kabisa. Wamarekani wanakitengeneza tangu 1964, bapa lake limebonyea, na kinapoanza kukata hakuna cha kukishinda: nyanya iliyoiva, ngozi ya mbuzi, mpira wa kebo, vyote vinafunguka vyenyewe. Tatizo linakuja ukienda chini. Karibu na makali ni kembamba, juu kinanenepa ghafla, basi kwenye muhogo mnene au boga kinakwama, unaanza kukitikisa. Na ule wembamba haupendi mifupa. Kwenye michopo ya mbuzi kila kipande kina kifupa chake, na makali ya Buck yalirudi nyumbani yana pengo dogo ambalo lilinichukua jioni nzima kuliondoa. Uzito nao: karibu gramu 200. Ncha za mpini ni za shaba iliyochanganywa na zinki, zinapendeza sana machoni pa mtu wa Katanga, huku kwetu kwenye migodi ya shaba, ila mfuko wa suruali unalalamika.

Victorinox ina bapa lililonyooka, jembamba, na chuma chake si kigumu sana. Kinaisha makali upesi lakini dakika chache kwenye jiwe kinarudi. Jikoni hakina neno. Kazini nina kesi nacho: hakina kufuli. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa anatoboa boksi la plastiki la swichi, akasukuma kwa ncha, kisu kikaanza kujikunja juu ya vidole. "Yaya (kaka), hii inafungwa wapi?" Haifungwi popote, kuna springi tu ya kukishikilia. Kwa kukata, ukivuta kwa makali, haina shida. Kwa kuchoma na kutoboa, usiiguse.

Opinel ndiyo ninayoshika kila siku. Familia ya Opinel ilianza kuvitengeneza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na ile pete ya kuzungusha inayofunga kisu ilikuja 1955. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, jembamba na lenye mtuno mdogo sana, na mpini wa mti. Kwenye muhogo kinateremka mpaka ubaoni, na kipande hakigandi kwenye bapa kwa sababu ule mtuno unakisukuma pembeni. Mifupa midogo ya michopo kinaivumilia kuliko Buck. Sikutegemea kisu chepesi hivyo kiwe hivyo.

Sasa kasoro zake, maana inazo. Cha kwangu ni cha chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu: limau moja, na bapa linageuka jeusi, embe linalofuata lina ladha ya msumari. Na kuanzia Novemba, mvua zikishika, mti unavimba na kisu hakifunguki. Wafaransa wenyewe wana dawa yake: unagonga kitako cha mpini mezani, bapa linachomoza, unalivuta. Mimi nilipitisha msasa kidogo ndani ya mfereji wa mpini, nikapaka mafuta, tangu hapo kinanuna kidogo tu. Wakati wa kiangazi hapo ndipo kinapowashinda wenzake. Vumbi letu jekundu liliingia kwenye mhimili wa Buck mpaka ikawa inasaga, lakini Opinel unaipuliza na kuendelea na kazi.

Kuhusu kunoa, msikipeleke kwa wale wenye mashine ya umeme sokoni. Mmoja alirudishia rafiki yangu Opinel yenye ncha ya rangi ya buluu. Moto ule umeshalainisha chuma, na ule mtuno wote umegeuzwa kuwa ngazi. Bapa lililotuna linanolewa kwa msasa mwembamba uliotandikwa juu ya kipande cha mpira au ngozi, ukivuta kisu kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Msasa unabonyea na kufuata umbo. Lililonyooka na lililobonyea yanatosheka na jiwe la kawaida, kisu kikiinuliwa kama digrii 20 kila upande.

Mwenye meza ya michopo au anayechuna wanyama achukue Buck, mradi awaachie wenye panga habari ya mifupa. Wengine wote, Opinel, na kama una mikono yenye jasho au unakata matunda sana, chukua ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, badala ya kaboni. Ukiikuta sokoni kwa bei ya kukushangaza, tafuta kwanza mkono wenye taji uliochorwa kwenye bapa, halafu zungusha pete kisu kikiwa kimefunguliwa na usukume mgongo kwa kidole gumba. Kikicheza, mrudishie mwenyewe.